Uzi Muzito ao Uzi Mwepesi? Namna ya Kulinganisha Namba ya Uzi na Wavu, Fito na Samaki



Koperative inachanga feza. Kisha inatuma mutu mumoja Lubumbashi akanunue nyavu. Anafika kwenye depo, anaona mabalo mengi: 210/2, 210/3, 210/6, 210/9, 210/12. Muuzishaji anamuuliza: «Unataka gani?» Mara mingi anajibu: «Ile ya nguvu.» Anarudi Kasenga, Kilwa, Pweto ao pembeni ya ziwa Tshangalele na wavu muzito ambao samaki anaukimbia. Mwingine anafuata bei ndogo tu, anarudi na wavu mwembamba ambao unapasuka mbele ya miezi mbili. Wote wawili wamepoteza feza ya musimu muzima, na ile feza haikuwa ya mutu mumoja.

Hii makala inaeleza maana ya zile namba, na namna ya kuchagua uzi wenye kuelewana na macho ya wavu, na maji, na samaki. Si hesabu ya watu wa université. Ukijua kugawa na kuzidisha, inatosha.

Namba 210/6 inasema nini?

Namba ya kwanza, 210, ni uzito. Uzi mumoja mwembamba kabisa wa nylon ukipimwa metre 9 000, uzito wake ni gramu 210. Wenye kutengeneza nyuzi wanaita kipimo hicho «denier». Namba ya pili inaonyesha nyuzi ngapi za namna hiyo zimesokotwa pamoja. Basi 210/6 ni nyuzi sita zilizosokotwa kuwa uzi mumoja. 210/12 ni kumi na mbili.

Unaweza kuhakikisha wewe mwenyewe palepale kwenye depo. Chukua kipande kidogo cha uzi, kifungue kwa vidole. Kwa kawaida utapata kamba ndogo tatu. Fungua moja kati ya hizo tatu. Ukipata nyuzi mbili ndani, uzi wako ni 210/6, juu ya mbili mara tatu ni sita. Ukipata tatu ndani ni 210/9. Ukipata ine ni 210/12. Etikete inaweza kukosea, lakini vidole havikosei.

Hii hapa ni vipimo vya karibu, ambavyo vinafaa kuandikwa kwenye kaye ya koperative:

- 210/2: unene karibu milimetre 0,24. Kilo moja ina metre karibu 20 000.
- 210/3: unene karibu milimetre 0,3. Kilo moja ina metre karibu 13 000.
- 210/6: unene karibu milimetre 0,4. Kilo moja ina metre karibu 6 400.
- 210/9: unene karibu milimetre 0,5. Kilo moja ina metre karibu 4 300.
- 210/12: unene karibu milimetre 0,6. Kilo moja ina metre karibu 3 200.

Angalieni muzuri ile ya 210/3 na ile ya 210/6. Kilo moja ya 210/6 inatoa nusu tu ya urefu. Kama nyavu zinauzishwa kwa kilo, mwenye kununua 210/6 pasipo lazima analipa mara mbili kwa wavu ule ule. Hapo njo feza ya koperative inapotelea, na hakuna mutu mwenye kuona.

Samaki kwanza, macho kisha, uzi mwisho

Wengi wanaanza na uzi. Tuanze na samaki.

Swali la kwanza: tunatafuta samaki gani, na wa urefu gani? Kwa wavu wa kutega, kuna hesabu ambayo wavuvi wa inchi mingi wanatumia. Chukua urefu wa samaki kwa milimetre, ugawe na namba yenye kufuata umbo lake. Samaki mupana na mwenye mwili wa kusimama, sawa tilapia, gawa na 2,5. Samaki wa umbo la katikati, gawa na 3,5. Samaki murefu na mwembamba, gawa na 5. Jibu ni macho ya wavu yakivutwa.

Mufano: tunataka tilapia wa santimetre 25, ni kusema milimetre 250. Mbio mbio: 250 kugawa na 2,5 ni 100. Macho yanapaswa kuwa milimetre 100. Ukitumia macho ya milimetre 50 pa fasi ile ile, utakamata tilapia wa santimetre 12 ao 13, mutoto ambaye hajazaa hata mara moja. Leo unakula, mwaka wenye kuja hakuna.

Hiyo si maneno ya kutisha watu. Wazee wa Luapula wanajua habari ya mpumbu. Samaki huyu alikuwa anapanda muto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kutaga mayai. Wakati ule Kasenga ilikuwa inatuma samaki Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa kulisha wafanya kazi wa migodi. Nyavu zilitegwa katika njia ya mpumbu, zikamukamata mbele atage. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akapunguka sana, na ule wingi wa zamani haukurudia tena. Kisha, katika miaka ya 1950, nyavu za nylon zikaingia na nguvu ya kuvua ikaongezeka zaidi.

Angalia: macho yanapimwa kwa namna mbili

Hapa watu wengi wanadanganyika. Kuna wenye kupima upande mumoja wa jicho, toka fundo mpaka fundo lenye kufuata. Kuna wenye kuvuta jicho mpaka linafunga, kisha wanapima toka fundo la mwisho huku mpaka fundo la mwisho kule. Kipimo cha pili ni mara mbili ya kile cha kwanza. Wavu wa «50» kwa mumoja ni wavu wa «100» kwa mwingine!

Zaidi ya hiyo, nyavu zenye kupitia Kasumbalesa mara mingi zimeandikwa kwa inchi za Waingereza. Inchi 2 ni milimetre karibu 51, inchi 3 ni 76, inchi 4 ni 102, inchi 6 ni 152.

Musiulize tu «macho ngapi?» Ulizeni: «Ni upande ao ni ya kuvutwa?» Kisha mupime wenyewe. Vuteni macho kumi pamoja kwenye musitari mumoja, mupime urefu wote, mugawe na kumi. Ukipima jicho moja tu, unaweza kukosea. Ukipima kumi, kosa linakuwa dogo.

Sasa tuchague uzi

Kanuni ni hii: unene wa uzi unapaswa kuelewana na ukubwa wa jicho. Jicho kubwa linaomba uzi munene, jicho dogo linaomba uzi mwembamba. Hesabu yake ni nyepesi:

1. Chukua upande mumoja wa jicho kwa milimetre (nusu ya kipimo cha kuvutwa).
2. Gawa na 200. Hapo umepata unene wenye kufaa kwa maji matulivu.
3. Gawa na 100. Hapo umepata mwisho. Usipite hapo.

Turudi kwa wavu wetu wa milimetre 100. Upande wake ni 50. Gawa na 200: ni 0,25. Gawa na 100: ni 0,5. Ukiangalia liste yetu ya juu, 0,25 ni karibu 210/2, na 0,5 ni 210/9. Basi kwa wavu wa macho 100:

- Katika ziwa, fasi ya maji matulivu na udongo laini: 210/2 ao 210/3.
- Katika muto wenye kwenda mbio, ao fasi yenye visiki: 210/6.
- 210/9: ni mwisho, kwa fasi mbaya sana tu.
- 210/12: hapana. Ni kutupa feza.

Kwa macho mengine, hesabu ni ile ile. Macho ya milimetre 76 (upande 38) yanaomba unene kati ya 0,19 na 0,38: 210/2 ao 210/3 inatosha. Macho ya milimetre 150 (upande 75) yanaomba kati ya 0,37 na 0,75: anza na 210/6, na katika maji ya nguvu unaweza kupanda mpaka 210/12.

Juu ya nini uzi munene unakamata kidogo?

Watu wanafikiri wavu wa nguvu unakamata sana. Lakini wavu wa kutega haupigane na samaki. Unamungojea. Samaki anaingiza kichwa ndani ya jicho, uzi unashika nyuma ya matamvua, anashindwa kurudi. Ili hiyo ifanyike, uzi unapaswa kuwa laini na usionekane. Uzi munene unaonekana katika maji meupe, na samaki anausikia mbele ya kuingia. Tena ni mugumu, haukunjike vizuri kwenye mwili wake. Mwisho, wavu muzito unakauka polepole na unachosha mukono wa mwenye kuvuta.

Uzi mwembamba kupita kipimo nao uko na hasara yake. Unakata nyama ya samaki, na kwenye soko mama mwenye kuuzisha anapunguziwa bei juu ya samaki mwenye alama. Manda, yule wa meno makali, anaukata. Mamba na kiboko, hatuseme tena. Na kipande cha wavu kikikatika na kubakia chini ya maji, hakiachi kazi. Nylon haiozi kwa urahisi. Kitaendelea kukamata samaki ambao hakuna mutu atakula.

Jambo lingine la kukumbuka: nylon iliyolowa na yenye fundo inapoteza karibu sehemu moja kwa tatu ya nguvu yake, na kwa nyuzi nyembamba hata zaidi. Musijaribu uzi ukiwa mukavu na pasipo fundo. Ulowesheni, mufunge fundo, kisha munyanyue bidon ya maji. Bidon ya litre 5 ni kilo 5, ya litre 10 ni kilo 10. Kipimo ni maji tu, bure.

Wenye kuvua na fito

Kanuni hii ya kulinganisha uzito haiko ya nyavu peke yake. Katika inchi za Ulaya na Amerika kuna watu wenye kuvua na fito na chambo chepesi sana, kinachofanana na mududu wa maji. Chambo hicho hakina uzito wa kutosha kurushwa. Kile kinachorushwa ni uzi wenyewe: uzito wake ndio unapinda fito, na fito ikinyooka inapeleka uzi mbele. Kwa sababu hiyo, kila fito imeandikwa namba, na kila uzi umeandikwa namba, na zinapaswa kuelewana. Namba ya uzi ni uzito wa metre 9 za kwanza: namba 5 ni karibu gramu 9, namba 8 ni karibu gramu 13 na nusu. Uzi mwepesi kupita fito, fito haipinde, uzi unaangukia karibu. Uzi muzito kupita fito, fito inachoka na inaweza kuvunjika. Wenye kutafuta manda kwa namna hiyo wanachukua namba 8 ao 9, na wanaweka waya ndogo mbele ya ndoano juu ya meno yake.

Zamani watu hao walikuwa wanahesabu unene wa uzi, hapana uzito. Wakati nyuzi za hariri ziliachwa na nylon ikaingia, nyuzi mbili za unene mumoja hazikuwa tena na uzito mumoja. Njo wakaacha unene, wakachukua uzito. Somo kwetu ni lile lile: nyuzi mbili zinaweza kufanana kwa macho, lakini si kitu kimoja. Nylon inazama majini. Polietilene inaelea. Ukikosa kujua umenunua gani, tia kipande ndani ya ndoo ya maji, ukikamue vizuri kwa vidole ili hewa itoke, na uangalie.

Kwa fito yetu ya mwanzi, kanuni ni moja: uzi ukatike mbele ya fito, na kipande cha mwisho chenye ndoano kikatike mbele ya uzi. Tieni santimetre 40 ao 50 za uzi mwembamba kidogo karibu na ndoano. Hivi samaki mukubwa akishinda, munapoteza ndoano moja, hapana uzi wote na fito.

Kamba, vielezo na uzito wa chini

Wavu ukiwa tayari, kazi haijaisha. Kuna kulinganisha kwingine mbili.

Kwanza, urefu wa wavu na urefu wa kamba. Kwa wavu wa kutega, kipimo cha kawaida ni nusu: metre 100 za wavu uliovutwa zinafungwa kwenye kamba ya metre 50. Hapo macho yanafunguka vizuri. Wavu wenye macho 26 kwa kwenda chini, ya milimetre 100, ukivutwa ni metre 2,6, lakini ukifungwa kwa nusu utasimama majini karibu metre 2,25. Ukiufunga ukiwa umelegea zaidi, utazonga kila kitu: samaki wadogo, majani, na visiki.

Pili, vielezo vya juu na uzito wa chini. Nylon yenyewe si muzito majini: kilo moja inabakia karibu gramu 120. Lakini kilo moja ya madini ya risasi inabakia karibu gramu 910, na kilo moja ya jiwe inabakia karibu gramu 600. Kwa hiyo ukiondoa risasi na kuweka mawe, usiweke kilo kwa kilo. Ongeza nusu ya kilo juu ya kila kilo.

Wavu wa chini unaomba uzito wa chini uwe na nguvu kupita vielezo. Wavu wa juu unaomba vielezo viwe na nguvu kupita uzito. Jaribu na metre 5 za kwanza katika maji ya pembeni mbele ya kufunga metre zote. Kama munatumia vipande vya sandale za zamani, angalieni kila mwezi: vinakunywa maji, vinapoteza nguvu, na wavu unalala.

Koperative ifanye nini?

- Mbele ya kutuma mutu Lubumbashi, mukutano uandike kwenye karatasi: samaki gani, macho gani ya kuvutwa, uzi namba gani, kilo ngapi. Mutumwa abebe ile karatasi, rula, na kipande cha wavu wa zamani uliofanya kazi vizuri.
- Ulizeni ofisi ya Agriculture, Pêche et Élevage ya territoire yenu macho gani yanaruhusiwa na tarehe za kufunga. Kwa wale wa Luapula na Mwero, kumbukeni kwamba upande wa Zambia uvuvi unafungwa toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Maji ni mamoja, samaki hajue mupaka.
- Musinunue balo zima la uzi ambao hamujajaribu. Nunueni kipande kimoja cha 210/3 na kimoja cha 210/6, macho ya namna moja. Mutege pembeni-pembeni majuma mbili, mubadilishane fasi kila siku. Andikeni kila asubui: samaki wangapi, kilo ngapi, matundu mangapi ya kushona.
- Nyavu zianikwe fasi ya kivuli. Jua linakula nylon polepole, hata kama haionekani kwa macho.

Kisha majuma mbili, fungueni kaye mbele ya wamemba wote. Chukueni kilo za samaki, mutoe kazi ya kushona, mutoe bei ya uzi. Hapo hakuna tena kubishana nani anajua kupita mwenzake. Maji yenu yamejibu, na feza ya wote inanunua kile kinachofanya kazi kwenu.